Mizani ya Omaha

Jumamosi nilimpeleka binti yangu kwenye zizi la Belair hapa Bowie, siku hizi ni makumbusho. Mwenyewe alikuwa William Woodward, mwenye farasi Gallant Fox na mwanawe Omaha. Kila mmoja alishinda mbio tatu kuu za Marekani kwa msimu mmoja: baba 1930, mwana 1935.

Binti akauliza, "Baba, mpandaji akiwa mwepesi si anapendelewa?" Nikamweleza: mpandaji hupimwa kwenye mizani pamoja na tandiko lake, akipungua huongezewa vipande vya risasi. Tena farasi aliyekomaa hubebeshwa kuliko mdogo, na jike hupunguziwa.

Mwaka 1936 Omaha alipelekwa Uingereza. Ascot Gold Cup, kilomita nne, jike Quashed akampita kwa pua tu. Julai kule Newmarket akabebeshwa ratili 138, karibu kilo 63. Akashindwa kwa shingo na Taj Akbar, mdogo wake kwa mwaka mmoja, aliyebeba uzito mdogo. Mwenye Taj Akbar? Aga Khan wa Tatu, yule yule aliyepimwa kwa almasi Dar es Salaam mwaka 1946! Wazee wanaijua mizani ile.

Binti anasema si haki aliye bora kuongezewa mzigo. Mimi kifungua mimba wenu nilinyamaza kidogo, kisha nikacheka. Nyie mnaonaje? Ada ya shule nitatuma Ijumaa.