Kucharaza

Neno kucharaza, ambalo hapa Ngombezi humtia hofu mtoto mtukutu aionapo fimbo, ndilo hilo hilo tulitumialo kumsifu mpiga gitaa la solo, wala mimi sioni ajabu. Katika santuri za marehemu Mbaraka Mwinshehe, aliyeinukia Morogoro Jazz Band kabla ya kuunda Super Volcano mwaka 1973, zamu ya solo ifikapo, huku ridhimu na besi zikishikilia mzunguko ule ule, yeye huugusa wimbo, huukata, huzidisha sauti hapa na kunyamaza pale, hata msikilizaji adhani kapotea, kumbe yumo ndani ya mahadhi. Watu wa taarabu nao wana taksimu yao, yaani upigaji wa kubuni papo hapo. Lakini hiyo, aghalabu, hutangulia wimbo, tena haina haraka.