Shelisheli nje ya geti

Juma hili, msikilizaji, tuvuke bahari hadi Jamaika, kwenye mji mdogo wa Falmouth ulioko pwani ya kaskazini ya kisiwa hicho. Abiria anayeteremka hapo kutoka meli ya watalii hukanyaga kwanza sakafu iliyofagiliwa, akazungukwa na maduka ya dhahabu, saa, manukato na chupa za ramu zilizofungwa tayari kwa zawadi. Akitaka kujua wenyeji wanakula nini, itambidi avuke geti. Geti hilo ndilo lililonivuta kwenye habari hii. Katika mji ule ubishi wa nani auze, amuuzie nani na akae wapi ni wa kale kuliko meli hizo. Umeanza tangu enzi za utumwa.

Falmouth ulianzishwa mwaka 1769, ukapewa jina la mji wa Uingereza alikozaliwa gavana wa wakati ule, Sir William Trelawny. Jimbo lenyewe nalo likaitwa Trelawny. Biashara ilikuwa sukari na ramu kwenda Ulaya, na watu weusi kutoka Afrika Magharibi waliouzwa kama mbuzi. Fedha zilijaa. Hadi leo wenyeji hujigamba kwamba mwaka 1799 mji wao ulikuwa na maji ya bomba kabla ya New York. Ni sifa ya haki, ila aliyechimba mitaro ile hakulipwa.

Sasa, mabwana wa mashamba walikuwa na tatizo la kulisha watu wao. Chakula cha kuagiza kilikuwa ghali, na ardhi nzuri yote waliitaka kwa miwa. Wakawagawia watumwa vipande vya milimani, mahali pasipofaa kwa muwa, wajilimie wenyewe siku chache walizoachiwa. Wakalima viazi vikuu, ndizi, muhogo, maboga na mbaazi. Kilichobaki walikibeba kichwani usiku kucha, Jumapili alfajiri wakakimwaga sokoni. Sheria za karne ya 18 ziliwabana wasiuze bidhaa kadhaa, lakini vyakula na matunda viliruhusiwa, kwa sababu mabwana wenyewe walivitegemea kwa meza zao. Waliokuwa hodari zaidi katika uchuuzi ule walikuwa wanawake. Edward Long, mwenye shamba na mtetezi mkubwa wa utumwa, alipoandika historia ya kisiwa mwaka 1774 alikadiria kuwa kiasi cha sehemu moja ya tano ya sarafu zote za Jamaika ilikuwa mikononi mwa watumwa. Fikiria hilo, msikilizaji: mtu ambaye kisheria ni mali ya mwenziwe, lakini bwana akitaka chenji humwendea yeye.

Vyakula vyenyewe navyo vina masimulizi yake. Chakula cha taifa cha Jamaika ni aki na samaki wa chumvi. Aki ni tunda la mti uliotoka Afrika Magharibi katika karne ya 18. Halichumwi mpaka lipasuke lenyewe mtini, kwani likiwa bichi ni sumu. Marekani ililizuia lisiingizwe nchini tangu miaka ya 1970 hadi 2000. Samaki naye ni wa bahari ya baridi ya Amerika Kaskazini, akakaushwa kwa chumvi kama ng'onda, na aliyepelekwa visiwani alikuwa yule wa daraja la chini kabisa, aliyeonekana anawatosha watumwa. Kalalu yao ni mchicha, huo huo unaoujua.

Kuhusu shelisheli, hapo pana msiba. Baada ya Marekani kujitenga na Uingereza, biashara ya chakula kutoka huko ilibanwa, na katika miaka ya 1780 vimbunga vikapiga kisiwa kimoja baada ya kingine. Baraza la wenye mashamba wa Jamaika lenyewe lilikadiria kuwa watumwa 15,000 walikufa kwa njaa na maradhi yaliyoifuata. Ndipo Kapteni Bligh akatumwa Tahiti kuchukua miche ya shelisheli. Safari ya kwanza mabaharia wake walimwasi, mwaka 1789. Ya pili ilifanikiwa, na miche ikafika Jamaika mwaka 1793. Inasimuliwa kwamba watumwa hawakuipenda mwanzoni, wakawapa nguruwe. Leo ukiikosa kando ya samaki wa kukaanga, Mjamaika atakuuliza umemkosea nini mwenye nyumba.

Usiku wa tarehe 31 Julai 1838, mchungaji Mbaptisti William Knibb na waumini wake walikusanyika Falmouth kungoja saa sita. Ilipogonga, utumwa ulikuwa umekwisha. Walizika jeneza lililotiwa mjeledi, mnyororo na kola ya chuma. Wengi hawakutaka tena kurudi shamba la bwana, wakahamia vijiji huru kama Refuge na Kettering, na wapo waliolipia viwanja kwa senti za soko lile lile.

Baada ya hapo sukari ilianguka, meli zikawa kubwa kupita kina cha bandari, na reli haikufika. Mji ukasinzia. Usingizi huo uliokoa majumba yake ya kale, maana hapakuwa na mwenye fedha za kuyabomoa. Soko la Albert George, lililojengwa mwaka 1894 na kupewa majina ya wajukuu wa Malkia Victoria, likaendelea kulisha watu. Jumatano nalo likawako soko la kuinama, nguo na vyombo vimetandazwa chini. Mkazi wa Nairobi hahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka 2011 gati jipya lilifunguliwa, na meli moja pekee iliweza kuleta abiria zaidi ya 5,000 kwenye mji usiofikia watu 10,000. Wachuuzi walitarajia neema. Lakini abiria wengi hupandishwa mabasi hapo hapo gatini kwenda Montego Bay au Ocho Rios, jioni wakarudishwa wakala chakula walichokwisha kulipia melini. Wengine hununua ndani ya geti na kurudi. Haitakuwa haki kusema hakuna aliyefaidika, maana wapo madereva na waongoza wageni waliopata riziki. Mama mwenye jiko la mkaa ndiye aliyebaki kuchungulia. Mwenye mchemsho wake pale Kilindini anaweza kukusimulia mengine ya namna hiyo.

Na bidhaa ya Trelawny inayojulikana kuliko zote haiuzwi katika maduka yale ya dhahabu. Usain Bolt alipovunja rekodi mwaka 2008, baba yake aliulizwa siri ya mwanawe, akataja kiazi kikuu cha huko kwao. Huuzwa mafungu, nje ya geti, na wanawake.