Wayahudi wa Kasuku walitafuta darasa wapi?

Wasee, mimi nimekulia Nyeri, na niliposikia kuna Wayahudi ng'ambo ya pili ya Nyandarua, nilicheka. Nilidhani ni kanisa lingine tu lenye jina la Israeli, si mnajua huku kwetu yako mengi. Kumbe wapi! Kasuku, kati ya Ol Kalou na Nyahururu, kuna familia chache za wakulima Wakikuyu wanaoshika Sabato na kujifunza Kiebrania.

Walianzia kwenye kanisa la Kimesiya, lile la kufuata desturi za Kiyahudi huku ukimwamini Yesu. Wakaja kujua kwamba Wayahudi wenyewe hawaihesabu hiyo kuwa dini yao. Baadhi wakatoka, wakaanza upya kama watoto wa chekechea.

Sasa utafundishwa na nani ukiwa Kasuku? Wengine walienda Mbale, Uganda, kwa Abayudaya. Hiyo nayo ni stori. Mwaka 1919 jemadari Semei Kakungulu alijitahiri pamoja na wanawe baada ya kusoma Biblia mwenyewe. Mwaka uliofuata Myahudi mmoja aitwaye Yosef alikaa nao miezi kama sita, akawafundisha kalenda na sala. Miezi sita tu, manze! Idi Amin alipopiga dini hiyo marufuku, waliobaki walisali kwa siri. Amin akaanguka 1979, na miaka ya themanini vijana ndio walioifufua. Leo wana shule ya msingi ya Hadassah na sekondari yenye jina la Kakungulu, na Waislamu na Wakristo pia wanasoma humo.

Mtu wa Nyeri hapaswi kushangaa. Baada ya ugomvi na wamishenari mwaka 1929, si babu zetu walijenga shule zao wenyewe, zile za Karing'a na wenzao, hadi serikali ya mkoloni ikazifunga 1952?

Kinachoniuma ni hiki. Desemba 2017 kijana mmoja wa Kasuku alipanda ndege kwenda Jerusalem kusoma Torati kwenye yeshiva, chuo cha dini. Viza alikuwa nayo. Uwanja wa Ben Gurion wakamzuia, akalala kizuizini, kesho yake akarudishwa. Wayahudi wa nje walipiga kelele, magazeti ya huko yakaandika. Hapa kwetu, mtaani kwangu, sikusikia mtu hata mmoja akimtaja.