Zuia kelele za studio ya nyumbani kabla ujenzi haujakamilika

STUDIO ya muziki ndani ya makazi si jambo geni tena humu nchini. Mapema miaka ya 2000, mtaa wa California jijini Nairobi ulivuma kupitia Calif Records, studio iliyokuza mtindo wa genge pamoja na wasanii kama vile Jua Cali na Nonini. Tangu hapo vifaa vya kurekodia vimezidi kuwa vidogo na nafuu, na wapenda muziki wanaojenga nyumba hutenga chumba kimoja kwa shughuli hiyo.

Hata hivyo, aghalabu suala la sauti hukumbukwa wakati ambapo rangi imekwisha kupakwa. Kufikia hapo jirani amekwisha kulalamika, ilhali honi za matatu na jogoo wa asubuhi husikika katika kila wimbo unaorekodiwa. Kurekebisha kasoro hiyo humlazimu mwenye nyumba kubomoa dari, kung'oa milango na kupunguza ukubwa wa chumba. Kazi iyo hiyo ingefanywa msingi unapochimbwa, gharama ingekuwa ndogo mno.

Sheria nayo haijanyamaza. Kanuni za kudhibiti kelele zilizochapishwa mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira ziliweka kiwango cha desibeli 50 mchana na 35 usiku nje ya nyumba katika maeneo ya makazi. Usiku ulihesabiwa kuanzia saa mbili jioni hadi saa kumi na mbili alfajiri. Katiba ya mwaka 2010 ilikabidhi serikali za kaunti jukumu la kudhibiti uchafuzi wa kelele.

Seti ya ngoma za kisasa hutoa zaidi ya desibeli 100 chumbani. Ili zisalie 35 nje, ni sharti jengo lizuie takriban desibeli 65. Ukuta wa mawe wa inchi tisa uliopigwa plasta pande zote mbili huzuia desibeli 50 hivi. Umbali hadi kwa jirani huleta nafuu kiasi, ila katika mitaa ambako nyumba zimebanana, umbali huo haupo.

Sponji si dawa

Kosa lililoenea ni kubandika sponji au trei za mayai ukutani kwa imani kwamba zitazuia sauti. Kuzuia sauti na kunyonya mwangwi ni mambo mawili tofauti. Sponji hupunguza mwangwi ndani ya chumba ili sauti ya mwimbaji irekodiwe ikiwa safi, lakini ni nyepesi mno kuizuia isitoke nje.

Besi ndiyo sugu zaidi. Wimbi la sauti ya besi ya hezi 50 lina urefu wa karibu mita saba. Sponji ya sentimita tano haiwezi kulikabili.

Fauka ya hayo, sponji isiyotiwa kinga dhidi ya moto ni hatari. Mnamo Februari 2003, watu 100 walifariki katika kilabu kimoja cha usiku jimbo la Rhode Island, Marekani, baada ya fataki kuwasha sponji iliyobandikwa ukutani kupunguza kelele. Trei za mayai, ambazo ni karatasi tupu, nazo hushika moto upesi.

Uzito na utengano

Kinachozuia sauti kwanza ni uzito. Kila uzito wa ukuta unapoongezwa maradufu, sauti inayopenya hupungua kwa takriban desibeli sita pekee. Kwa hesabu hiyo, anayetaka kuongeza desibeli 15 kwa unene peke yake angehitaji ukuta wa mawe wa zaidi ya futi nne. Hakuna ploti ya kawaida inayoweza kumudu ukuta huo.

Suluhisho ni kutenganisha. Studio hujengwa kama chumba ndani ya chumba. Nje hubaki ukuta wa mawe. Ndani yake husimamishwa fremu ya mbao isiyougusa ukuta huo mahali popote, ikiacha nafasi ya angalau sentimita tano. Nafasi baina ya mbao hujazwa sufi ya mawe, kisha upande wa ndani hupigiliwa bodi za jipsamu safu mbili, viungo vya safu ya pili visiangukie juu ya viungo vya ile ya kwanza.

Msumari mmoja mrefu unaounganisha fremu na mawe, au bonge la saruji lililodondoka katikati, huwa daraja la sauti. Ndiyo maana mwashi na seremala hawana budi kuelezwa lengo la kazi mapema, kwa kuwa mazoea yao ni kufunga kila kitu kwa uthabiti.

Mawe nayo yachunguzwe. Matofali yenye vitundu, pamoja na mawe ya matumbawe yatumiwayo Pwani, hupitisha hewa na kwa hivyo sauti. Sharti yapigwe plasta, na viungo vyote vijazwe saruji hadi ndani.

Paa na sakafu

Paa la mabati ndilo udhaifu mkubwa wa nyumba nyingi. Ukuta uwe imara namna gani, sauti itapanda na kupenya kwenye dari nyepesi. Kadhalika, mvua ya masika inapopiga mabati, kurekodi husitishwa. Penye uwezo, chumba cha studio kifunikwe kwa slabu ya zege, baada ya mhandisi kuthibitisha kwamba kuta na msingi vitauhimili uzito huo. Chini ya slabu, dari ya jipsamu safu mbili ibebwe na kuta za ndani badala ya kuning'inizwa kwenye zege.

Katika ghorofa, mdundo wa ngoma husafiri ndani ya zege yenyewe hadi kwa wapangaji wa chini. Sakafu ya studio huwekwa juu ya vipande vya mpira ili isigusane na slabu wala kuta. Chumba cha ghorofa ya chini, kilicho juu ya udongo, hupunguza sana tatizo hilo.

Ufa mdogo, hasara kubwa

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Katika studio, anayeacha ufa hata ukuta aliojenga haumfai. Iwapo matundu yatachukua asilimia moja tu ya eneo la ukuta, ukuta huo hautazuia zaidi ya desibeli 20, uwe na unene gani.

Kwa sababu hiyo, mlango uwe wa mbao nzito isiyo na uwazi ndani, na uzungushiwe mpira kila upande, hata chini kwenye kizingiti. Milango miwili inayofuatana ni bora kuliko mmoja mnene. Dirisha likihitajika, liwe la vioo viwili vya unene tofauti, kwa mfano milimita 6 na 10, vyenye nafasi kubwa kati yao. Soketi za umeme zisitobolewe mkabala pande mbili za ukuta mmoja.

Chumba kilichozibwa hivyo hakina hewa, na vifaa pamoja na watu hutoa joto jingi. Njia ya hewa ipangwe kwenye ramani. Bomba pana lenye kona kadhaa, lililotandazwa sufi ndani, huingiza hewa huku likipunguza sauti kila kona.

Kabla ya fundi kulipwa na rangi kupakwa, jaribio rahisi lifanywe usiku. Kurunzi ielekezwe kwenye viungo na milango kutoka ndani. Panapopita mwanga ndipo patakapopita sauti. Kisha redio ifunguliwe kwa sauti ya juu, na mwenye nyumba atembee hadi kwenye ua wa jirani asikilize. Kasoro itakayogunduliwa wakati huo hurekebishwa kwa saruji na mpira kidogo tu.