Nyama ya Buseresere, Meza ya Korintho

Februari 2013, katika mji mdogo wa Buseresere wilayani Chato, mkoani Geita, watu walipigana kwa sababu ya nyama. Swali lilikuwa moja: nani achinje mnyama anayeuzwa buchani? Je, ni Muislamu, kama ilivyozoeleka miaka nenda rudi, au Mkristo naye ana haki ya kuwachinjia wenzake? Mchungaji mmoja aliuawa katika vurugu hizo. Suala la kuchinja likaitikisa Kanda ya Ziwa, na Serikali ikalazimika kukaa meza moja na viongozi wa dini kutafuta suluhu.

Ugomvi ule ulikuwa kati ya watu wa dini mbili. Lakini karibu miaka 2,000 iliyopita, swali la namna hiyo liliwagawa waumini wa kanisa moja, katika mji wa bandari wa Korintho, Ugiriki. Paulo akiwa Efeso aliwaandikia kati ya mwaka 53 na 55 hivi, na barua ile tunaisoma leo kama Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho. Sura tatu nzima, kuanzia ya nane hadi ya kumi, zinashughulikia nyama iliyotolewa kwa sanamu. Wapo waliosema sanamu si kitu, kwa hiyo nyama hiyo iliwe bila wasiwasi. Wengine, waliotoka juzi tu kwenye ibada za sanamu, dhamiri iliwasuta. Paulo anakubaliana na hoja ya wale wa kwanza, kisha anawataka waiache haki yao pale itakapomwangusha ndugu. Ya sokoni nunua bila kuuliza, anasema, lakini ukiambiwa imetolewa sadaka kwa sanamu, usile, kwa ajili ya huyo aliyekuambia.

Kwa karne nyingi sura hizo zilifafanuliwa kama somo la imani tupu. Mwaka 1831 mtaalamu wa Tübingen, Ferdinand Christian Baur, aliandika juu ya makundi ya Korintho, yaani wale waliojiita wa Paulo, wa Apolo, wa Kefa na wa Kristo. Kwake, nyuma ya majina hayo kulikuwa na vita vikubwa vya mafundisho kati ya Wakristo wa asili ya Kiyahudi na wale wa mataifa. Hata kabla yake, mwaka 1776, Johann Salomo Semler alikwisha kudai kwamba Waraka wa Pili ni barua zaidi ya moja zilizounganishwa. Hoja hiyo haijafa mpaka leo.

Kilichobadilisha usomaji ni jembe na sururu. Wamarekani walianza kuchimbua magofu ya Korintho mwaka 1896. Huko Delphi vikapatikana vipande vya jiwe lenye barua ya Kaisari Klaudio, na humo limo jina la Galio, liwali ambaye kitabu cha Matendo kinasema Paulo alishtakiwa mbele yake. Jiwe hilo linamweka Galio Korintho mwaka 51 hadi 52, na ndiyo nanga ambayo tarehe nyingi za maisha ya Paulo zimefungwa kwayo.

Wataalamu wakaanza kuuona mji wenyewe. Waroma waliibomoa Korintho mwaka 146 KK. Julius Caesar akaianzisha upya mwaka 44 KK, akawapeleka huko watu wengi waliokuwa watumwa walioachwa huru. Ilikuwa na bandari mbili, biashara ya pande mbili za bahari, na watu waliotoka kila mahali. Mji wa wageni, wenye pesa mpya, ambamo mtu alipanda haraka na kuporomoka haraka. Mkazi wa Geita, Katoro au Kahama anaujua mji wa namna hiyo.

Katika miaka ya 1970 Mjerumani Gerd Theissen aliuliza swali ambalo mwanamke yeyote wa sokoni angeuliza: hao waliokuwa wanakula nyama walikuwa akina nani? Jibu lake ni kwamba wenye nacho walikula nyama mara kwa mara, nyumbani na kwenye karamu walizoalikwa katika kumbi za mahekalu. Maskini aliionja siku za sikukuu tu, pale mji ulipogawa nyama ya sadaka. Kwa hiyo tajiri aliiona nyama kuwa chakula, ilhali maskini kila alipoiona aliona ibada. Dhamiri ya yule “dhaifu” ilikuwa na historia ya tumbo lake. Msomaji wa Kishapu au Nyang'hwale, ambako familia nyingi husubiri Krismasi au harusi ndipo zichinje, hahitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Sura ya 11 inakwenda mbali zaidi. Kwenye meza ya Bwana mmoja anakaa na njaa na mwingine amelewa. Mwaka 1983 padri Mdominiko kutoka Ireland, Jerome Murphy-O'Connor, alichukua vipimo vya nyumba ya kitajiri iliyochimbuliwa Anaploga, Korintho. Chumba cha kulia kilikuwa na mita 5.5 kwa 7.5. Kwa desturi ya Kirumi ya kula ukiwa umejinyoosha kwenye kochi, walienea watu tisa hivi. Waliobaki wangekaa uani. Mwenye nyumba akiwaweka rafiki zake chumbani, na mbeba mizigo akifika jioni baada ya kazi, ni wazi nani angekuta makombo.

Wapo waliopinga. Justin Meggitt, mwaka 1998, alisema Wakristo wa Paulo karibu wote walikuwa maskini, hivyo hakukuwa na matajiri wa kuwalaumu. Wengine wakasema ile nyumba ya Anaploga si kipimo, na kwamba huenda walikutana kwenye vyumba vya kawaida vya wachuuzi. Mimi naona Theissen yuko karibu zaidi na ukweli, na ushahidi wangu ni machimbo ya dhahabu ya huku kwetu. Si lazima awepo bilionea ili kanisa ligawanyike. Mwenye duara, yaani shimo la dhahabu, na anayebeba mifuko ya mawe kwenda kwenye karasha, mashine ya kuyasaga, wanaweza wote kuitwa maskini na mtu wa benki, lakini Jumapili, wakati wa matoleo, kila mtu kwenye benchi anajua nani ni nani. Margaret Mitchell, katika kitabu chake cha mwaka 1991, alionyesha kwamba waraka mzima umejengwa kama hotuba ya kuwasihi watu waache mafarakano, kwa lugha ileile waliyotumia wanasiasa wa miji ya Kigiriki. Ugomvi wa meza na ugomvi wa uongozi ulikuwa kitu kimoja.

Barua hizi zilifika kwetu zikiwa mikononi mwa watu waliogawanyika tayari. Mapadri Weupe walianza Bukumbi, kusini mwa Ziwa Victoria, mwaka 1883, na mwaka 1891 wakafungua Ushirombo, ambayo leo imo mkoani Geita. Waanglikana wa Church Missionary Society (CMS) waliokuwa Nasa walikikabidhi kituo chao kwa Africa Inland Mission mwaka 1909, na mwaka 1913 misheni hiyo ikaanza Kolandoto, nje kidogo ya Shinyanga. Agano Jipya kwa Kisukuma lilitoka mwaka 1925, Biblia nzima mwaka 1960. Kwa hiyo Msukuma alisoma onyo la Paulo dhidi ya kujivunia aliyekubatiza, huku kijijini kwake watu wakitambuana kwa misheni iliyowabatiza.

Dhahabu ikaongeza mchanganyiko. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Kila panapotokea rashi, yaani dhahabu mpya inapogunduliwa, watu huja kutoka Kigoma, Mara, Kagera na Singida, na kila mmoja huja na kanisa lake. Kwa Wakatoliki, jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa AMECEA, shirikisho la mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walizipa kipaumbele mwaka 1976, huwakutanisha wageni hao nyumba kwa nyumba, kama Korintho. Na humo pia swali ni lilelile la nani ana nafasi ya kuwakaribisha wenzake na nani hana.

Kuna barua nyingine ambayo waumini wengi hawajapata kuisikia. Mnamo mwaka 96, kama wataalamu wengi wanavyokadiria, kanisa la Roma liliwaandikia Wakorintho haohao. Safari hii baadhi ya watu walikuwa wamewaondoa wazee wa kanisa kwenye nafasi zao, na Roma ikataka warudishwe. Mapokeo yanaiita barua ya Klementi wa Roma, ingawa ndani yake jina lake halimo. Karibu mwaka 170 askofu Dionisio wa Korintho alisema bado inasomwa kanisani kwake. Yaani walioandikiwa maneno ya karipio waliyatunza na kuyasoma hadharani, vizazi viwili vitatu baadaye. Hilo peke yake linanifanya niwaheshimu Wakorintho.

Kisha barua ikapotea machoni pa Ulaya. Ilionekana tena ndani ya hati ya kale ya Biblia aliyopewa mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza mwaka 1627, lakini jani moja lilikuwa limenyofoka karibu na mwisho. Pengo hilo lilibaki mpaka mwaka 1873, Philotheos Bryennios alipokuta nakala kamili katika maktaba moja ya Constantinople, iliyoandikwa mwaka 1056. Aliichapisha mwaka 1875.

Hata hivyo tunasikia upande mmoja tu. Paulo anataja barua aliyowahi kuwaandikia kabla, na hatunayo. Anajibu barua yao kwake, nayo haipo. Hoja za wale walioondoa wazee tunazijua kwa maneno ya waliowapinga.

Hapo ndipo tunapohusika. Migogoro ya sharika, parokia na vigango vya ukanda wa dhahabu nayo ina barua zake: malalamiko kwa askofu, mihtasari ya vikao vya wazee, orodha za matoleo, maazimio ya kamati za amani zilizokaa baada ya 2013. Kwamba mambo ya kijijini yanaweza kukusanywa kitaalamu, tumeshaona. Padri Donald Sybertz wa shirika la Maryknoll alikusanya methali na hadithi za Kisukuma akiwa na watu wa Ndoleleji, jimboni Shinyanga, na kazi hiyo ikalisha kitabu cha teolojia alichoandika na Joseph Healey mwaka 1996. Methali zimepata watunzaji. Ugomvi bado.

Katibu wa parokia, mzee wa kanisa, mwenyekiti wa jumuiya: usichome daftari la kikao kilichokuwa kigumu. Liwekee tarehe, hifadhi barua za pande zote mbili, hata za upande ulioshindwa, na upeleke nakala kwenye ofisi ya jimbo au dayosisi yako.