Imevuja, Imesambaa: Vitenzi Visivyo na Mtu

“Video imevuja.” “Picha zimesambaa.” “Jina lake linatajwa mitandaoni.” Sentensi kama hizi zinasikika kila siku Kahama, Katoro, Geita mjini na Shinyanga, kwenye vijiwe vya bodaboda, kwenye mialo ya dhahabu na redioni. Zote ni Kiswahili sahihi. Zote pia zina upungufu mmoja: hakuna hata moja yenye mtu aliyetenda.

Mtungi huvuja, na paa huvuja. Kitenzi hiki hakimhitaji mtendaji kwa sababu maji hupita penye ufa bila nia yoyote. Picha iliyohifadhiwa ndani ya simu haitoki kwa njia hiyo. Yuko aliyeifungua, akaichagua, akamchagua na wa kumtumia, kisha akabonyeza. Kiswahili kimempa nafasi yake ndani ya kitenzi: ukiongeza -ish- unapata vujisha, na video “imevujishwa”. Hapo msikilizaji yeyote atauliza, na nani? Swali hilo halimjii mtu anapoambiwa kwamba video imevuja. Ndiyo maana nasema kwamba maadili ya kompyuta na intaneti, kabla hayajawa somo la TEHAMA au kifungu cha sheria, ni suala la kitenzi tunachokichagua.

Sambaa na sambaza vina uhusiano huo huo. Moshi husambaa, ujumbe husambazwa. Enea na eneza vilevile. Hata katika nomino tofauti hiyo ipo. Uvumi unatokana na vuma, kitenzi cha upepo na ngoma. Unasikika, lakini hauna kwao. Uzushi ni wa ukoo wa zua na zusha, na hakuna kinachozushwa bila mzushi. Habari moja ya uongo inaweza kuitwa kwa majina yote mawili, lakini anayeiita uvumi anamwacha mwenye kuianzisha aende zake.

Methali nayo imetusaidia kujificha: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Angalia lisemwalo. Ni kauli ya kutendwa, na msemaji hatajwi. Anayefunga mjadala kwa methali hii anamwondolea msemaji mzigo wa kuthibitisha alichosema. Sehemu ya pili inatisha zaidi. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa mambo mengi ambayo hayakuwapo yalikuja kwa sababu tu yalisemwa.

Shinyanga inalijua hilo kwa uchungu. Kwa miaka mingi maneno “bibi yule anasemwa” yalitosha kuwa hukumu. Wanawake wazee walikatwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi ushahidi ulikuwa macho mekundu ya mtu aliyepikia kuni na kinyesi cha ng’ombe maisha yake yote. Istilahi “mauaji ya vikongwe” ikazoeleka katika magazeti na katika ripoti za polisi. Anasemwa na nani? Hakuna aliyeuliza mapema, na palipoulizwa, jibu lilikuwa “watu”.

Eneo hilo hilo limekipa Kiswahili cha umma istilahi ninayoiona kuwa kati ya zilizo bora tulizo nazo: ramli chonganishi. Januari 2015, wakati mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino yalipoitikisa nchi, Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku wapiga ramli, na maneno hayo mawili yakaingia midomoni mwa viongozi, polisi na wanakijiji. Kivunje kitenzi chake uone ubora wake. Chonganisha ni jirani wa chongea, yaani kumpelekea mtu maneno ya kumharibia mwenzake. Ndani ya chonganisha kuna -an-, alama ya watu wanaotendeana, na kuna -ish-, alama ya anayesababisha. Kitenzi kimoja kimebeba watu watatu: wawili wanaogombanishwa, na wa tatu anayewagombanisha. Mpiga ramli hana pa kujificha humo.

Linganisha na neno jingine la miaka ile ile. Mitaani, mtu mwenye ualbino aliitwa “dili”. Watoto waliitwa hivyo wakiwa njiani kwenda shule. Neno hilo linamfuta mtu na kuweka bei mahali pake, na palipo na bei hutokea mnunuzi. Septemba 2009 Mahakama Kuu ikiketi Kahama iliwahukumu adhabu ya kifo watu watatu kwa mauaji ya mvulana mwenye ualbino wa Bukombe, wilaya ambayo leo iko Mkoa wa Geita. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina yake nchini. Leo maneno ya namna ya “dili” yanasafiri kwa simu. Zamani tuhuma ilitembea kwa miguu kutoka boma hadi boma, na njiani iliweza kukutana na mzee mwenye busara akaizuia. Sasa inafika kijiji kizima kabla anayetajwa hajapata habari kwamba anatajwa.

Kinachonipa matumaini ni kwamba lugha ya machimbo yenyewe haina uvivu huu wa kumficha mtendaji. Kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, kila mtu ana jina la kazi yake: mwenye leseni, mwenye shamba, mwenye duara, msimamizi, mchimbaji, mwenye karasha (mashine ya kusaga mawe), mchenjuaji. Siku ya mgao wa viroba vya mawe hakuna asemaye “mawe yamegawika”. Mgawaji anajulikana, na akipunja anaulizwa. Dhahabu ikifika sokoni, kama lile soko la madini lililofunguliwa Geita Machi 2019, muuzaji na mnunuzi huandikwa. Watu hawa hawa, wakishika simu, wanaanza kusema “imesambaa”.

Machimbo yana neno jingine linalofaa sana hapa: marudio. Ni mchanga uliokwisha kusagwa na kuoshwa, ambao bado una dhahabu, na hivyo hurudishwa kuchenjuliwa tena, mara nyingi kwa sianidi. Picha ya mtandaoni nayo ina marudio yake. Duara likiporomoka mahali pamoja, picha zake hurudi mwaka unaofuata zikidaiwa kuwa za kwingine, na familia ambayo haikufiwa inaanza kulia. Anayesema “nimeshaifuta” anazungumzia simu yake tu. Mchanga wote umebaki kwa wengine, na wengine watauchenjua tena.

Oktoba 2015 wachimbaji walifukiwa Nyangalata, Kahama. Katikati ya Novemba watano walitolewa wakiwa hai, baada ya siku 41 chini ya ardhi, wakati ambapo wengi walikuwa wamekwisha kukata tamaa. Tukio kama hilo linaonyesha kwa nini katika mila zetu habari ya msiba ina mwenye kuipeleka: mtu mzima, aliye karibu na familia, mwenye hakika. Kuitangaza kabla yake ni kumnyang’anya mfiwa haki yake, hata pale habari inapokuwa ya kweli.

Kuna neno jipya ambalo linaniuma kulisikia kwa vijana: konekisheni. Wanalitumia kwa video ya faragha ya mtu, mara nyingi binti, iliyotolewa bila ridhaa yake. “Nani ana konekisheni?” huulizwa kama mtu anayeulizia njia. Neno lenyewe halina binti ndani yake, wala aliyemrekodi, wala aliyemsaliti, wala maelfu walioomba kutumiwa. Na akiulizwa mmoja wa maelfu hao, hujibu “nimefowadi tu”. Hiyo “tu” haipunguzi kitendo. Aliyetumiwa akatuma ni msambazaji kamili, kama yule aliyemtangulia.

Sheria zetu zimejitahidi kurudisha mtendaji. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa mwaka 2015, na kifungu chake cha 16 kinamgusa anayechapisha taarifa akijua kwamba ni ya uongo au ya kupotosha. Waandishi wa habari na watetezi wa haki waliilalamikia kwamba inaweza kubana maoni, na malalamiko hayo yana uzito. Lakini tuangalie maneno yake: sheria inamtafuta anayejua. Maadili yanadai zaidi ya hapo, kwamba asiyejua aulize kwanza au anyamaze.

Ninayoipenda zaidi kwa lugha yake ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Katiba yetu ilikwisha kuitaja haki ya faragha katika ibara ya 16, lakini sheria hii imewapa majina wanaoweza kuivunja: mkusanyaji na mchakataji. Chakata lilikuwa neno la mashamba ya mkonge na viwanda; sasa linatufaa kwa taarifa. Na majina haya hayaishii kwenye makampuni. Mwenye steshenari mtaani Kahama, ambaye kompyuta yake imejaa nakala za vitambulisho vya NIDA na vyeti vya wateja, ni mkusanyaji. Akiziacha wazi kwa kila anayekuja kuchapa barua, amekosa. Wakala wa laini anayemwambia bibi kutoka Mbogwe “kidole kimekataa, weka tena”, kumbe anasajili laini ya pili kwa jina lake, amejificha nyuma ya kitenzi. Kidole hakikukataa. Bibi huyo asaidiwe kupiga *106# aone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake.

Wananchi hawakungoja wataalamu. Mikopo ya kwenye simu ilipoanza kuingia katika orodha za majina zilizomo kwenye simu za wakopaji na kuwaaibisha kwa ndugu na wakwe, watu nayo waliiita “kausha damu” na “mikopo umiza”. Majina hayo yana kitenzi chenye nguvu na yana anayetenda. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Mtaani hukumu ilikuwa imeshatolewa kwa maneno mawili.

Basi nina pendekezo. Tuichukue sifa ile tuliyompa mpiga ramli tuipe na kazi ya simu. Ujumbe unaomtaja jirani kuwa mchawi, mwizi au muuaji bila ushahidi uitwe taarifa chonganishi. Mkazi wa Shinyanga au Geita hahitaji kamusi ili ailewe, kwa kuwa anajua ramli chonganishi ilivyoua. Msimamizi wa kundi la WhatsApp akiandika “hii ni taarifa chonganishi, ondoa”, wanakundi watajua kwamba kuna watu wawili wanaogombanishwa na wa tatu anayewagombanisha, na kwamba wa tatu huyo ana jina na namba.

Watangazaji wa redio waseme “imevujishwa”, na wakijua na nani, na sheria ikiruhusu, waseme. Walimu wa TEHAMA waanze somo la usalama wa mtandao kwa mnyambuliko wa sambaa na sambaza, maana mwanafunzi wa darasa la 5 anauelewa na atadumu nao. Wazazi, mtoto akisema “picha imesambaa”, wamuulize kwa upole: wewe ulimtumia nani? Akijibu swali hilo kwa ukweli, amekwisha kuanza kuwa mtumiaji mwadilifu wa simu aliyoishika.