Mishahara ya Makarani wa Meru na Embu: Kutoka Amri ya Boma Hadi Mkataba wa CBA

Mshahara wa karani wa serikali Meru au Embu uliamriwa kwanza na mkoloni, ukapangwa baadaye na tume za wataalamu, na leo hujadiliwa kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi. Katika vipindi vyote hivyo, neno la mwisho limetoka Nairobi.

Ukarani ulifika pamoja na boma, yaani kituo cha utawala cha mkoloni. Waingereza walifungua kituo Embu mwaka 1906, na kile cha Meru mwaka 1908 chini ya Edward Butler Horne. Boma lilihitaji watu wa kujaza daftari la kodi ya nyumba, kunakili mashauri na kutafsiri. Shule za misheni, kama za Waanglikana wa Kigari na Wamethodisti wa Kaaga, zikawa chemchemi ya vijana waliojua kusoma na kuandika. Sheria ya 1924 iliyoanzisha mabaraza ya wenyeji ilizaa mwajiri wa pili, kwa kuwa baraza lilikuwa na hazina yake na makarani wake. Tangu hapo, karani wa serikali kuu na karani wa baraza walifanya kazi zinazofanana katika mji mmoja, kila mmoja kwa kipimo chake cha malipo.

Rangi ya mtu ilikuwa na uzito kuliko kazi yake. Tume ya Holmes ya 1947–48, iliyochunguza utumishi wa serikali katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ilipendekeza asiye Mzungu alipwe tatu kwa tano ya malipo ya Mzungu: pale mmoja alipopata shilingi 100, mwenzake alipata 60. Tume ya Lidbury ya 1953–54 ilipendekeza ngazi moja ya mishahara kwa wote, ingawa walioajiriwa kutoka ng'ambo waliendelea kupata nyongeza ya kuwavutia.

Wakati huo Meru na Embu zilikuwa chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Serikali iliporuhusu vyama vya siasa vya wilaya mwaka 1955, Mkoa wa Kati, uliojumuisha wilaya hizi mbili, uliachwa nje. Haikuwa rahisi kwa wafanyakazi wa huko kujipanga wenyewe. Sauti yao ilipitia vyama vilivyokuwa na makao Nairobi: kile cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, alichokijenga Tom Mboya mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kile cha watumishi wa serikali, kilichoundwa mwaka 1959.

Mwaka 1963 Embu ikawa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, ulioenea kutoka Machakos na Kitui hadi mpaka wa Ethiopia. Ofisi ziliongezeka, na makarani pia. Hata hivyo, mishahara iliendelea kupangwa na tume: Pratt mwaka 1963, Ndegwa mwaka 1970–71, Waruhiu mwaka 1979–80. Chama kiliwasilisha maoni, tume ikaandika ripoti, serikali ikachagua ya kutekeleza. Tume ya Ndegwa ilikubali watumishi wa umma wafanye biashara zao, ruhusa iliyokuwa na maana kubwa katika nchi ya kahawa na chai, ambako karani aliweza kuwa na shamba au duka kando ya mshahara.

Mwaka 1980 Rais Daniel arap Moi alipiga marufuku chama cha watumishi wa serikali. Mwaka huo huo vyama vya kikabila, GEMA ya Wagikuyu, Waembu na Wameru ikiwemo, vilitakiwa kuvunjwa. Watumishi waliachiwa chama cha ustawi kisicho na uwezo wa kujadili mishahara. Hali hiyo ilidumu miaka ishirini na zaidi, hadi chama cha watumishi wa serikali kiliposajiliwa upya mwaka 2001.

Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 na Katiba ya 2010 ziliweka utaratibu unaotumika sasa. Chama hutambuliwa kikishasajili zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kujiunga. Huwasilisha mapendekezo, mwajiri huomba ushauri wa Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC, kisha pande mbili hukutana. Mkataba wa pamoja wanaoufikia, CBA, hauna nguvu mpaka usajiliwe katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Novemba 2015, katika kesi ya walimu, Mahakama ya Rufaa iliamua kuwa mwajiri wa umma hawezi kuupuuza ushauri wa SRC. Uamuzi huo ulibana meza zote za majadiliano. Juni 2021 SRC ilisimamisha nyongeza za mishahara kwa miaka miwili ya fedha.

Ugatuzi wa 2013 ulikutanisha makarani waliotengana tangu enzi za mabaraza. Kaunti ya Meru ilirithi wafanyakazi wa manispaa za Meru na Maua na wa mabaraza ya Meru na Nyambene. Embu ikarithi wa manispaa za Embu na Runyenjes na wa mabaraza ya Embu na Mbeere. Hao walikuwa kwenye skeli za namba, huku waliotoka wizarani wakiwa kwenye madaraja ya herufi. Kulinganisha mishahara yao kukawa ajenda ya vyama, ambavyo navyo viligombea wanachama wale wale.

Hati ya mshahara yenyewe inaonyesha tofauti za mahali. Karani wa daraja moja hupata marupurupu ya nyumba ya juu zaidi akiwa Nairobi kuliko akiwa Meru, Embu au kituo cha mashambani kama Siakago.

Makarani wa Chuo Kikuu cha Embu na cha Meru huwakilishwa na chama cha wafanyakazi wa vyuo vikuu, KUSU, kinachojadiliana na jukwaa la mabaraza ya vyuo vya umma. Mkataba wao wa 2017–2021 uliacha malimbikizo yaliyochangia mgomo uliomalizika Novemba 2025.

Kilichosogea karibu ni utatuzi wa migogoro. Mahakama ya Ajira ina kituo Meru, ambako mfanyakazi anaweza kudai kilichoandikwa katika mkataba. Kiwango chenyewe bado hukubaliwa Nairobi.